Mayai, Viwavi na Maharage: Mwongozo Kamili wa Darasa la Msingi Katika Majira ya Kuchipua

Hakuna kipindi cha mwaka wa shule kinachomchosha mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu kama machipuko. Mitihani ya upimaji inakaribia, wazazi wanaitwa kuzungumzia maendeleo, ziara ya darasa inasubiri sahihi, mpiga picha ana siku yake, na watoto waliofungiwa ndani kipupwe kizima sasa wanaona jua dirishani na hawakaliki. Katikati ya hayo yote mwalimu anataka watoto waone uhai ukianza: mbegu ikipasuka, kifaranga akitoka, kipepeo akikunjua mabawa. Na anayo haki ya kutaka, kwa sababu mambo haya mtoto huyakumbuka hata akiwa mtu mzima.

Darasa haliharibikiwi kwa kuwa na mambo mengi. Linaharibikiwa pale kila kitu kinapoanzishwa Jumatatu moja kwa furaha, kisha vyote vikadai uangalizi wiki moja. Msimamo wangu ni huu: kiumbe hai hasubiri, kwa hiyo yeye ndiye apangiwe tarehe kwanza. Mtihani unaweza kusogezwa siku mbili na picha zinaweza kupigwa wiki inayofuata, lakini yai lililofikisha siku 21 haliahirishwi.

Hatua ya 1: Panga kalenda kwa kurudi nyuma

Chukua karatasi kubwa ya manila, chora wiki zote za majira. Kaskazini mwa dunia ni Machi hadi Mei, kusini ni Septemba hadi Novemba. Ukitoa likizo, mara nyingi utabakiwa na wiki kumi hivi za kazi. Andika kwanza kwa wino mwekundu tarehe ambazo huna mamlaka nazo: mitihani, likizo, ziara iliyokwisha kulipiwa, siku ya wazazi. Baada ya hapo ndipo uingize viumbe, ukianzia siku ya tukio na kuhesabu kurudi nyuma.

Yai la kuku huchukua siku 21, yaani wiki tatu kamili. Hii ina faida kubwa: siku ya wiki utakayoyaweka mayai kwenye mashine ya kutotolesha ndiyo siku yatakayoanguliwa. Yaweke Jumatano. Wenye haraka watatoka Jumanne, wengi Jumatano, wazembe Alhamisi, na Ijumaa unabaki nayo ya kutulia kabla ya mapumziko. Ukiyaweka Ijumaa, wazembe watazaliwa Jumamosi shule ikiwa imefungwa, na watoto watakuta kila kitu kimekwisha.

Kiwavi mdogo hadi kipepeo ni kama wiki tatu hadi nne, kutegemea aina na joto. Maharage yanatosha wiki mbili hadi tatu. Mpangilio ninaoupenda ni huu: wiki ya kwanza anza daftari la majira na kipimo cha kivuli, wiki ya pili maharage, wiki ya tatu mayai, na viwavi waje baada ya vifaranga kuondoka. Kwa njia hiyo darasa lina kiumbe mmoja tu anayehitaji uangalizi mkubwa kwa wakati mmoja.

Kama ni mara yako ya kwanza, acha mayai. Sema hivyo bila aibu. Maharage, daftari na viwavi vinatosha kujaza machipuko mazima. Mayai yaingie tu ikiwa una majibu ya maswali matatu, na uyaandike: Vifaranga wataenda kwa nani, huku ukijua kwamba karibu nusu yao watakuwa majogoo? Nani atakuja shuleni Jumamosi na Jumapili? Umeme ukikatika, utafanya nini? Swali la kwanza ndilo zito zaidi. Usiweke yai hata moja kabla ya mfugaji kukubali kwa kinywa chake kwamba atawapokea vifaranga wote, majogoo kwa mitetea.

Hatua ya 2: Daftari la majira

Anzia hapa, hata kama hutafanya kingine chochote. Mwaka 1736 Mwingereza Robert Marsham alianza kuandika dalili za machipuko shambani kwake huko Norfolk: siku jani la kwanza lilipofunguka, siku mbayuwayu waliporudi, siku vyura walipoanza kulia. Familia yake iliendelea kuandika, kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1958. Kule Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa maua ya micheri zinarudi nyuma hadi karne ya 9. Leo wanasayansi wanazitumia kumbukumbu hizo kuona jinsi hali ya hewa inavyobadilika. Waeleze watoto hivyo, kwamba watu walioandika sentensi moja kwa siku bado wanasomwa. Utaona wanavyoshika penseli.

Kila mtoto awe na daftari lisilo na mistari upande mmoja. Kila siku, dakika kumi, aandike tarehe, hali ya anga, joto lililosomwa kwenye kipimajoto cha dirishani, na kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Chagueni mti mmoja karibu na darasa uwe mti wenu, na tawi moja lifungwe uzi wa rangi. Ni lile tawi lenye uzi linalochorwa kila wiki, si mti mzima.

Sheria ya kuchora ni moja: chora unachokiona, usichore unachokijua. Mtoto wa miaka saba akiambiwa achore jani atachora umbo la moyo lenye mstari katikati, kwa sababu ndivyo majani yalivyo kichwani mwake. Mpe jani halisi, muulize kingo zake zikoje, mishipa inaanzia wapi, kuna tundu lililoliwa na mdudu au hakuna. Mchoro wa pili utakuwa tofauti kabisa. Na mtoto akiandika "leo hakuna kilichobadilika," usimlazimishe abuni. Hiyo nayo ni kumbukumbu sahihi, na wiki inayofuata chipukizi likipasuka ndipo atakapojua thamani ya ile sentensi.

Pamoja na daftari, pimeni kivuli. Simamisha fimbo ya urefu wa mita moja uwanjani, wima, kila wiki mahali palepale, mpime kivuli chake adhuhuri. Nje ya ukanda wa tropiki kivuli cha adhuhuri kitafupika wiki hadi wiki machipuko yanavyosonga, kwa sababu jua linapanda juu zaidi angani. Jihadhari na jambo moja: nchi nyingi husogeza saa mbele kwa saa moja kipindi hiki. Ikitokea hivyo, kipimo kilichofanyika saa sita za mchana sasa kifanyike saa saba kwa saa mpya, la sivyo takwimu zenu zitaruka ghafla na watoto watadhani jua limekosea. Weka alama kwenye chati siku ambayo usiku na mchana vinakaribiana urefu: tarehe 20 au 21 Machi kwa kaskazini, 22 au 23 Septemba kwa kusini.

Hatua ya 3: Maharage

Kila mwalimu amewahi kuotesha maharage kwenye pamba. Wengi huishia kuonyesha kwamba yameota, na hapo ndipo somo linapotupwa. Kuota ni mwanzo tu.

Loweka maharage usiku mmoja, yasizidi saa 12 kwa sababu yanaweza kuanza kuoza. Chukua chupa za kioo au vikombe vinavyopitisha mwanga, zungushia ndani karatasi laini ya kufutia iliyokunjwa mara mbili, jaza katikati kwa karatasi iliyofinyangwa ili ile ya nje ibanwe kwenye ukuta wa chupa. Lowesha mpaka karatasi iwe na unyevu, kisha mimina maji yaliyozidi. Sukuma maharage kati ya karatasi na kioo ili yaonekane kutoka nje. Kila mtoto apewe maharage matatu. Moja likikataa na jingine likaoza, bado ana la kuangalia, na hutakuwa na mtoto anayelia mbele ya chupa tupu.

Ukungu ukitokea, sababu ni maji mengi karibu kila mara. Ondoa mbegu iliyooza, badilisha karatasi, punguza maji.

Katika joto la nyuzi 20 hadi 25, mzizi huchungulia siku ya pili hadi ya nne, na majani hufunguka baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Mzizi ukifika urefu wa kidole cha mtoto, ingia kwenye maswali yenye maana.

Swali la kwanza: mzizi unajuaje chini ni wapi? Lalisha baadhi ya chupa ubavu, nyingine ziache wima. Chora mshale kwenye kioo kuonyesha mzizi ulikuwa unaelekea wapi. Kufikia kesho au keshokutwa ncha itakuwa imepinda kuelekea chini. Mwaka 1806 mtaalamu wa mimea Mwingereza, Thomas Andrew Knight, alifunga mbegu za maharage kwenye gurudumu lililozungushwa na maji, akaona mizizi ikielekea nje ya gurudumu. Hivyo alithibitisha kwamba mmea unafuata nguvu inayouvuta. Watoto wadogo hawahitaji neno la kitaalamu hapo. Wanahitaji kuona ule upinde.

Swali la pili: shina linajuaje mwanga uko wapi? Chukua boksi la viatu, toboa tundu upande mmoja, weka mche ndani, funga. Ongeza kuta mbili za kadibodi zenye matundu yasiyoelekeana ili mche upite kwa kona. Fungueni mara moja kwa siku tu, muda wa kumwagilia. Charles Darwin na mwanawe Francis walifunika ncha za miche michanga kwa vikofia vidogo, na mwaka 1880 wakachapisha kwamba ncha ndiyo inayohisi mwanga. Darasa linaweza kufanya vilevile kwa karatasi ya alumini, ingawa kwa mche wa maharage, ambao hauna ncha laini kama wa nyasi, matokeo hayawi safi hivyo. Kama una mbegu za shayiri au ngano, tumia hizo.

Kwa kipimo, kata ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na mche, ubandike kwenye chati, andika tarehe chini. Kesho kata mwingine. Baada ya wiki mbili mtakuwa na grafu kamili ya mihimili iliyotengenezwa na watoto ambao bado hawajajua neno grafu. Ukiwauliza "ni siku gani mche ulikimbia zaidi?" watakujibu kwa kutazama tu. Hili ni somo la hisabati lililo bora kuliko kurasa kadhaa za kitabu.

Usalama: tumia maharage ya chakula, si mbegu za shamba zilizopakwa rangi, kwa kuwa hizo zina dawa. Waambie watoto wasile maharage mabichi. Maharage mekundu hasa yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa vizuri tu. Na usiruhusu mtoto kuleta mbegu asizozijua kutoka nyumbani, kwa maana mbegu za mbono, kwa mfano, ni nzuri kuzitazama lakini ni hatari sana.

Hatua ya 4: Mayai

Mayai ya dukani kwa kawaida hayana mbegu ya jogoo, hayataangua. Pata mayai kwa mfugaji mwenye jogoo, yasiyozidi siku saba tangu kutagwa, yaliyohifadhiwa mahali pa baridi kiasi (si ndani ya friji) ncha iliyochongoka ikiwa chini. Yakishafika shuleni, yaache yatulie usiku mmoja. Usiyaoshe.

Mashine ya kutotolesha iwashwe angalau siku moja kabla, mbali na dirisha lenye jua na mbali na mlango wenye upepo. Yenye feni iwe nyuzi 37.5. Isiyo na feni huhitaji nyuzi 38 hadi 38.5, zikipimwa usawa wa juu ya mayai, kwa sababu hewa ya joto hukaa juu. Nyuzi moja kuzidi kwa muda mrefu ni hatari kuliko nyuzi moja kupungua. Unyevu hewani uwe asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo.

Kwa penseli, si kalamu ya wino, andika X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili. Mayai yageuzwe mara tatu au tano kwa siku. Idadi iwe witiri ili upande uliolala usiku wa leo usiwe ndio uliolala jana. Ukiwa na mashine inayogeuza yenyewe, utapata usingizi. Ukigeuza kwa mkono, wape watoto zamu wawili wawili, mikono ikiwa imenawiwa, na chati ukutani ya kutia tiki. Ni kazi ndogo, lakini hata mtoto asiyemaliza zoezi lolote la kuandika hataisahau zamu yake.

Siku ya 7 ingizeni mayai kwenye giza. Zima taa, funga mapazia, shika tochi yenye mwanga mkali, zungushia vidole mdomo wake na uweke upande butu wa yai juu yake. Yai lenye uhai litaonyesha mtandao wa mishipa myekundu kama mizizi, na doa jeusi linalocheza: hilo ni jicho. Yai lisilo na kitu litang'aa tupu kama taa. Darasa zima litanyamaza lenyewe. Litoe yai tupu, na ueleze kwa nini. Siku ya 14 tazameni tena: sasa karibu yai lote ni giza, isipokuwa nafasi ya hewa upande butu. Mayai yasikae nje zaidi ya dakika chache.

Siku ya 18 acha kugeuza kabisa. Ongeza maji mpaka unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, funga kifuniko, na uandike juu yake kwa herufi kubwa: USIFUNGUE. Kuanzia hapo hata wewe huruhusiwi. Kila kifuniko kinapofunguliwa unyevu hutoka, ngozi iliyo ndani ya ganda hukauka na kumbana kifaranga akashindwa kugeuka.

Siku ya 20 au 21 mtasikia sauti ndani ya mayai kabla ya kuona kitu. Kifaranga ameshatoboa nafasi ya hewa na anavuta pumzi ya kwanza. Kisha litatokea tundu dogo lenye umbo la nyota, lililotobolewa na kijino kilicho juu ya ncha ya mdomo wake, kijino ambacho kitadondoka siku chache baadaye. Halafu kwa saa nyingi, huenda 12, huenda 24, hakuna kitakachoonekana. Hapo ndipo utakapoulizwa: "Mwalimu, mbona amenyamaza? Anaumia? Tumsaidie?" Jibu ni hapana, na sababu ielezwe wazi: anapumzika, na wakati huohuo damu iliyo kwenye mishipa ya ganda inarudi mwilini mwake na kiini cha yai kinaingia tumboni. Ukimtoa mapema anaweza kutokwa damu hadi kufa. Waache wachore wanachokiona kila nusu saa. Ratiba ya siku hiyo iwe nyepesi: kusoma kimya, kuchora, hadithi. Usipange jaribio lolote.

Aliyetoka aachwe ndani ya mashine hadi manyoya yakauke na kusimama. Atakuwa amelowa, mnyonge, akianguka kila hatua, na baadhi ya watoto watasikitika. Baada ya saa chache watamwona mwingine kabisa. Hana haja ya chakula haraka. Kiini kilichoingia tumboni mwake kinamtosha siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo mtoto akikuta asubuhi vifaranga wamezaliwa usiku, hakuna aliyelala na njaa.

Boksi la kulelea liwe na nyuzi 35 wiki ya kwanza, likipungua kama nyuzi tatu kila wiki. Usitandike gazeti tupu kwa kuwa linateleza na miguu ya vifaranga hutanuka. Tumia taulo chakavu au maranda. Chombo cha maji kiwe kifupi, na weka kokoto ndani wasizame. Sikiliza pia: vifaranga wanaolia kwa nguvu na kujazana chini ya taa wana baridi, wanaokimbilia pembeni wakihema wana joto, waliotawanyika wakidonoa wako sawa.

Kuwashika: mtoto akae chini sakafuni, miguu imekunjwa, viganja viwili vimeungana mapajani. Dakika moja au mbili kila mtoto, basi. Hakuna kubusu, hakuna kumweka usoni, hakuna kula karibu nao, na wote wanawe mikono kwa sabuni mara baada ya kugusa, kwa sababu vifaranga wazima kabisa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela. Walio chini ya miaka mitano watazame tu bila kugusa. Vifaranga waondoke ndani ya wiki moja. Baada ya hapo vumbi, harufu na kelele huanza kulishinda darasa.

Na kuna la mwisho kuhusu mayai. Hata kwa mfugaji mzoefu si yote yanayoangua, na pengine kifaranga mmoja atakufa mbele ya watoto. Sema "amekufa." Usiseme amelala wala amesafiri, maana mtoto wa miaka sita anaweza kuogopa kulala. Waambie kabla ya mayai kuwekwa kwamba jambo hili linaweza kutokea, mwachie nafasi anayetaka kulia, mjibu anayeuliza maswali ya mwili. Maswali hayo si ukatili, ndiyo njia yake ya kuelewa. Wajulishe wazazi siku hiyohiyo ili jioni mtoto akisimulia asikutane na mshangao.

Hatua ya 5: Viwavi

Kipepeo anayefugwa zaidi madarasani ni Vanessa cardui, wa rangi ya chungwa na madoa meusi, anayepatikana karibu mabara yote. Kama mnaokota wenyewe, kanuni ni moja: okoteni kiwavi pamoja na mmea mliomkuta juu yake. Viwavi wengi hula aina chache sana za majani, na akipelekewa majani mengine atakufa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Wenye manyoya au miiba wasiguswe, kwani wengi huwasha. Waachilieni tu vipepeo wa asili ya eneo lenu.

Majani mabichi kila siku, kinyesi kifutwe kila siku, chombo kisiwekwe juani. Kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa, na kabla ya kujivua hukaa kimya siku nzima. Watoto watadhani ameugua. Mwache. Akijining'iniza kichwa chini katika umbo la herufi J, iteni wote: ndani ya siku moja hivi atakuwa pupa, yaani ile hali ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, na kujivua kule kwa mwisho huchukua dakika chache tu.

Pupa ya Vanessa hukaa kama siku saba hadi kumi. Ikiwa nyeusi zaidi au ikianza kupitisha mwanga, kesho ni siku yake. Kipepeo akitoka atadondosha majimaji mekundu. Waandae watoto mapema kwamba si damu. Ni mabaki ya mwili uliojijenga upya. Mabawa yatakuwa yamekunjamana, na yeye atayajaza kwa kusukuma majimaji ndani ya mishipa yake, kisha atangoja saa kadhaa yakauke. Asiguswe wakati huo. Boksi liwe na nafasi ya kuning'inia, la sivyo mabawa yatakauka yakiwa yamepinda na hataruka maisha yake yote.

Wape kipande cha chungwa, au maji ya sukari kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji, yakiwa yamelowesha pamba. Vipepeo huonja kwa miguu, na mtoto akimwona kipepeo akikanyaga pamba kisha akiufungua ule mrija wa mdomo uliojiviringisha, hatasahau. Baada ya siku mbili hivi waachilieni, mchana, kukiwa na jua na joto la nyuzi 15 au zaidi.

Hapa ninapenda kuwasimulia habari za Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa mwaka 1647 Frankfurt. Akiwa na miaka 13 tu alikuwa akifuga na kuchora viwavi wa hariri, enzi ambazo wengi waliamini wadudu huzaliwa na matope. Mwaka 1699 alisafiri hadi Surinam, Amerika Kusini, kuchora viwavi, pupa na vipepeo pamoja na mimea yao, na michoro hiyo ikachapishwa mwaka 1705. Wasichana wa darasa husikiliza kwa namna ya pekee, na wavulana pia wanafaa kuisikia.

Kuhusu viluwiluwi, ushauri wangu ni kuwaangalia walipo. Maji ya bomba yana klorini, maji machafu huwaua haraka, na katika nchi nyingine kuchukua mayai ya chura kunakatazwa. Nendeni bwawani na daftari.

Hatua ya 6: Watoto wasiokalika

Joto likipanda, mpango wa siku ugeuke. Hisabati na kuandika viwe asubuhi kabisa. Baada ya chakula cha mchana hakuna anayejifunza kitu kipya kwa kukaa. Toka nje na daftari, pimeni kivuli, someni chini ya mti. Wiki ya mtihani usianzishe kiumbe kipya wala kubadilisha viti.

Chavua ya miti na nyasi huwasumbua watoto wengi wakati huu. Mtoto anayepiga chafya na kujikuna macho kila mkitoka, zungumza na mzazi wake, na ukae ukijua nani ana pumu na dawa yake iko wapi. Viatu vya matope viwe na sehemu yake mlangoni. Siku ya picha isiwe siku ya kupanda mbegu.

Hatua ya 7: Wazazi

Barua iende wiki mbili kabla ya kiumbe wa kwanza kuingia. Iseme ni viumbe gani, kwa muda gani, wataenda wapi baadaye, na iulize mambo mawili: mtoto ana mzio wa manyoya, vumbi au mimea? Anaruhusiwa kugusa wanyama? Andika kwa ufupi. Barua ya ukurasa mzima haisomwi.

Siku ya wazazi, usisimame mbele kueleza. Panga vituo vinne au vitano: kivuli, maharage, mayai au picha zake, viwavi, tawi lenye uzi. Kila kituo kiwe na watoto wawili na daftari zao, na mzazi apewe kikaratasi chenye swali moja kwa kila kituo, mfano "Ni siku gani mche ulirefuka zaidi, na mnajuaje?" Mtoto mnyamavu ambaye darasani hajibu, mara nyingi ndiye atakayemshika mzazi wa mwenzake dakika kumi akimweleza nafasi ya hewa ndani ya yai. Mwekee nafasi hiyo kwa makusudi. Dakika 45 zinatosha.

Hatua ya 8: Kufunga msimu

Osha mashine ya kutotolesha kwa maji ya sabuni bila kulowesha sehemu za umeme, paka dawa ya kuua vijidudu, iache wazi ikauke kabisa kabla ya kuifunga kwenye boksi. Miche yenye afya ihamishiwe kwenye udongo au iende nyumbani na watoto. Majani ya viwavi na matandiko ya vifaranga yatupwe mbali na sehemu ya kuchezea.

Madaftari ni ya watoto, yarudi nyumbani. Lakini kabla hayajaondoka, nakili kwenye daftari moja la darasa: urefu wa kivuli kila wiki, tarehe tawi lenye uzi lilipofungua jani la kwanza, idadi ya mayai yaliyowekwa na yaliyoangua, joto la mashine siku kwa siku, jina na simu ya mfugaji aliyepokea vifaranga. Liweke kwenye kabati la darasa, si nyumbani kwako, ili mwalimu atakayechukua darasa mwakani alikute.